Jumamosi ni zamu ya Nawal El Saadawi

Habari zenu wapendwa, Jumamosi saa kumi tunamsoma Nawal El Saadawi, yule daktari na mwandishi wa Misri aliyefariki 2021. Mwaka 1981 serikali ya Rais Sadat wa huko Misri ilimtupa jela bila peni wala daftari, mfungwa mwenzake akampenyezea wanja wa penseli basi akawa anaandika kwenye karatasi za chooni, hebu fikirieni jinsi zile zinavyochanika! Kazi ya wizara ya afya alishaipoteza kabla, kisa kitabu chake cha 1972 kilichogusa ukeketaji. Mwenyewe alikeketwa ana miaka 6, akamlilia mama yake kumbe mama yuko palepale anawatazama. Mi hapo nilifunga kitabu kwanza nipumue. Asiye na kopi aniambie mapema jamani, tutaazimana.