Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu wa jimbo la Haut-Katanga, Kongo (DRC): naomba karatasi moja

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mwalimu wa darasa la tano hapa Lubumbashi, katika shule iliyo upande wa barabara ya Kasenga. Nina watoto 68, madawati ya watoto 40, na ubao tulioupaka rangi wenyewe. Siandiki kuomba madawati. Hayo wenzangu wameyaandikia vya kutosha. Naomba karatasi moja yenye sahihi na muhuri wako, ya kuniruhusu kutoka na darasa langu kwa miguu, asubuhi moja ya masika, hadi pale msitu unapoanzia.

Tuna somo tunaloliita étude du milieu, yaani kujifunza mazingira. Hayo mazingira tunayafundisha tukiwa tumefunga mlango. Mwaka jana nilikuwa nachora kichuguu ubaoni, nimekikata katikati ili vyumba vya ndani vionekane, na chaki yangu nyekundu imebaki kipande. Mtoto wa karibu na dirisha akanyoosha mkono. "Mwalimu, si kile pale?" Kweli, nyuma ya vyoo vyetu kipo kichuguu kilichopita paa la shule kwa urefu. Miaka minne nakipita kila asubuhi.

Tukatoka. Upande mmoja kilikuwa kimechimbwa na watu wa matofali, kwa hiyo ndani palionekana wazi kuliko mchoro wangu. Mvulana ambaye mwaka mzima sikumsikia sauti, maana Kifaransa kinamziba mdomo, akaanza kueleza kwa Kiswahili kwamba baba yake hachukui udongo mwingine, huu hushikana vizuri na tofali halipasuki ovyo. Wenzake wakamzunguka. Nikanyamaza na mimi nisikilize. Nilipoongezea kwamba vichuguu vya huku kwetu vinaweza kufika mita 8, na kwamba mchwa ni wakulima, wanatafuna majani na vijiti wakiotesha humo ndani ukungu wanaoula, hakuna aliyeniuliza kama hilo litatoka kwenye ENAFEP, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi. Waliuliza mchwa wanapata wapi mbegu.

Na ukungu huohuo ndio unaotoa ule uyoga mkubwa wa masika tunaouita chikolowa, ambao kofia yake huweza kukaribia upana wa mita moja. Watoto wote wameshauona kando ya barabara, umewekwa juu ya beseni. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba unatoka kwa mchwa.

Baada ya siku hiyo nilitafuta mtu wa kutuongoza. Sikwenda mbali: nilimwendea mama anayeniuzia bowa, yaani uyoga. Jumamosi moja, kwa ruhusa ya wazazi, nikampelekea watoto 11. Mama huyu hajui kusoma. Alitembea mbele, kikapu kichwani, akisimama kwenye kila mti na kuutaja: muputu, mutondo, musuku. Mukula tu ndio watoto walioutaja kabla yake, na waliujua kwa sababu ya malori yanayobeba magogo yake. Chini ya muputu akapiga magoti, akafukua majani kwa vidole viwili, akatoa bwitondwe, ule uyoga mdogo wa manjano. Akawapa wanuse mmoja mmoja. Hatua tano mbele akaonyesha mwingine, mzuri wa kupendeza, ambao hakuugusa. Msichana mmoja akamuuliza atautambuaje wenye sumu. Mama akasema hana njia moja ya kutambua. Anaujua huu kama anavyomjua jirani, na asioujua anauacha hapohapo. Mheshimiwa, kuna watu wazima mjini humu wanaoamini kwamba uyoga ulioliwa na wadudu ni salama, na imani hiyo inaweza kuua.

Nilichotaka waone hasa ni hiki. Bwitondwe haupandwi bustanini. Nyuzi zake chini ya ardhi zimeshikamana na mizizi ya miputu na mitondo. Mti unaulisha uyoga sukari, uyoga unausaidia mti kufyonza maji na chumvichumvi za udongo. Ukikata mti, umekata na uyoga. Nililieleza hilo tukiwa tumesimama kwenye tanuru la makala, yaani mkaa, lililozimika, duara jeusi lenye visiki pembeni. Mama akasema tu kwamba zamani hapa alikuwa anajaza kikapu kabla ya saa tatu, na siku hizi anatembea hadi saa sita.

Sikuwahubiria watoto juu ya makala. Nyumbani kwangu tunapikia makala, bukari (ugali) yangu ya jioni imetoka kwenye miti hiyohiyo, na baba za baadhi yao ndio wanaosukuma zile baiskeli zenye magunia. Lakini mtoto aliyeona duara lile haulizi tena kwa nini bwitondwe umepanda bei.

Basi wale 57 waliobaki wakataka zamu yao. Nikapanga asubuhi ya siku ya masomo, walimu watatu, wazazi wawili, chupa za maji, kamba ya kuvukia barabara. Hatukufika. Njiani wenye sare walitusimamisha wakataka ordre de mission, kibali cha safari ya kikazi. Sikuwa nayo, sikujua kwamba kutembea na wanafunzi ni misheni. Tulikaa juani karibu saa nzima, nikatoa ile tunayoiita “ya maharage ya watoto”, yaani kitu kidogo, kutoka mfukoni mwangu, mbele ya watoto wenyewe, kisha tukarudi. Shuleni nikakuta swali lingine: saa zile zitaandikwaje kwenye daftari la mkaguzi? Zikaandikwa kwamba sikufundisha.

Kuna wanaonishauri niwapeleke watoto zoo, au nisubiri mfadhili wa basi la kwenda hifadhi ya Kundelungu waone maporomoko ya Lofoi, maji yanayoanguka zaidi ya mita 300. Waone, Mungu akipenda. Lakini basi hilo nalingoja tangu nianze kazi, na muputu uko dakika 50 kwa miguu. Hata lile ua la shaba, la zambarau, linaloota kwenye udongo wenye shaba nyingi ambao miti mingi haiuwezi, ningependa waone, maana wengi ni watoto wa wachimbaji. Ila udongo ule si wa watoto kuchezea. Hilo nitalileta mwenyewe, ndani ya chupa.

Hofu ya nyoka, magari na mashimo ya wachimbaji naielewa. Mimi pia ni mzazi. Ndiyo maana nataka jambo hili liwe na kanuni kuliko lifanyike kwa kujiiba: idadi ya watu wazima kwa watoto, njia iliyokaguliwa siku moja kabla, barua ya mzazi. Karatasi yako iseme kwamba asubuhi hiyo ni saa za masomo, na kwamba aliye njiani asidai kitu. Wazazi wasichangishwe hata faranga. Tangu 2019 elimu ya msingi ni bure, na matembezi yasiwe mlango wa kurudisha michango. Mama wa bowa alipwe na ofisi, hata kidogo, kwa sababu asubuhi anayotupa sisi hauzi. Na wanafunzi wa kilimo (agronomia) wa chuo kikuu pale Kasapa naamini wangekuja wakialikwa kwa barua rasmi. Wao wana majina ya kitabuni, yeye ana majina mengine, watoto wasikie yote.

Mvua zimeshaanza. Bwitondwe unatoka kwa wingi kwenye miezi ya katikati ya masika, halafu unakwisha. Nikipata karatasi kabla ya likizo ya Noeli, tutaondoka wiki ya pili ya masomo ya Januari, saa moja na nusu asubuhi. Mama ameshanituma niwaambie watoto wavae viatu vya kufunika vidole, na kila mmoja aje na kikapu, si mfuko wa plastiki, kwani uyoga unaozea humo kabla ya kufika nyumbani.

Wako katika kazi,

Mwalimu wa darasa la tano, Lubumbashi