Kwa vijana mnaokwenda kutusemea kwenye mikutano ya tabianchi

Wajukuu zangu,

Mwezi uliopita mlinialika Arusha nije kuwasalimu kwenye mafunzo yenu ya siku mbili, mkijiandaa kwenda kuisemea Afrika Mashariki. Nilipanda Coaster alfajiri kutoka Moshi nikiwa na furaha. Nilirudi na hasira, na mpaka leo haijaisha.

Siku ya pili, baada ya chakula, nilihesabu watu. Asubuhi mlikuwa arobaini. Saa nane mchana mlibaki kumi na saba, kwa kuwa karatasi ya posho ilikuwa imeshazunguka. Na hao waliobaki walijigawa: Wakenya dirishani, Waganda nyuma, Watanzania karibu na meza ya chai, na ubishi mkubwa ukawa nani anautangaza Mlima Kilimanjaro kwa watalii kana kwamba ni wake. Mlima umepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912, nyie mnagombea picha yake!

Nikauliza: kwenye mkutano wa tabianchi kule Baku mwaka 2024 tulidai nini, tukapata nini? Kijana mmoja mwenye tai nzuri akajibu, "Tulidai haki ya tabianchi, babu." Mkampigia makofi. Afrika ilidai dola trilioni 1.3 kwa mwaka, fedha za kukabili mabadiliko ya tabianchi. Ahadi iliyotoka ni bilioni 300 kwa mwaka, tena ifikapo 2035. Anayekwenda kudai deni bila kujua ni kiasi gani hurudishwa na soda.

Nimestaafu kama bwana maji, lakini mambo ya vikao niliyajua utotoni, kwenye mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba, wa kwetu Old Moshi. Zamu za maji zilipangwa chini ya mti, na kikao kilirefushwa makusudi. Wenye haraka waliondoka wakidhani yamekwisha. Baba yangu aliwahi kuondoka mara moja tu, akawahi pombe ya mbege kwa jirani. Kesho yake tukaambiwa zamu yetu ni saa nane usiku, msimu mzima. Aliyeshika chemli na kuzibua magome ya migomba na udongo kwenye baridi ile ni mimi, si baba.

Huko mnakokwenda ni vivyo hivyo. Paris mwaka 2015, mwishoni kabisa, Wamarekani walikuta neno moja kwenye ibara ya 4 ya mkataba linazifunga nchi tajiri kisheria ziongoze kupunguza hewa chafu. Neno la lazima likabadilishwa kuwa "zinapaswa", likasomwa ukumbini pamoja na masahihisho ya uchapaji, nyundo ikagongwa. Neno moja, sheria ikawa nasaha. Aliyekuwa amekwenda kununua zawadi angelijuaje? Kwa hiyo someni rasimu ya makubaliano. Aya kwa aya, kalamu mkononi, na mkae mpaka wafagiaji waje.

Mengine nayataja tu. Jifunzeni Kifaransa, maana Warundi na Wakongo ni wenzetu ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kaeni na wajumbe wa majadiliano wa Kundi la Afrika kabla ya kupiga nao picha. Msivae fulana ya mfadhili huku mkijiita sauti ya wananchi. Laleni mapema siku za mwanzo.

Sisi wazee nasi hatuna la kujisifu. Makao makuu ya Jumuiya yapo hapo Arusha, na bado kila nchi ilijiendea. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya 2017, sisi Juni 2019. Karibu miaka miwili mfuko uliofungiwa nyanya upande wetu wa Namanga ulikuwa kosa ng'ambo ya pili. Halafu tunaiambia dunia tuna sauti moja. Na kwamba semina ni posho, hilo mmejifunza kwetu. Jiko la bibi yenu nimelijenga kwa posho za semina, kwa hiyo sitawatupia lawama zote.

Sijawakatia tamaa, wanangu. Sharm el-Sheikh mwaka 2022 mfuko wa hasara na uharibifu, wa kuzisaidia nchi zinazoumizwa na mabadiliko ya tabianchi, ulipita, jambo ambalo nchi za visiwa zilianza kulidai tangu 1991, kwa sababu nchi zinazoendelea hazikuachana mpaka alfajiri ya Jumapili. Na mwaka 2027 mkutano unakuja Addis Ababa. Ugenini hapo si kisingizio tena.

Jumamosi moja kabla hamjaondoka, njooni nyumbani, hata wale ishirini na watatu waliotoroka. Vaeni buti, njia ya mfongoni ina utelezi. Leteni rasimu iliyochapwa kwa herufi kubwa, macho yangu hayawezi simu. Bibi yenu atapika mtori, ila hautaliwa mpaka tufike aya ya mwisho.