Taka za baharini zizuiwe tangu Dodoma

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie habari za wanaojitolea kusafisha fukwe zetu za Bahari ya Hindi. Nawapongeza kwa dhati. Lakini kazi yao haitakwisha iwapo sisi wa bara tutaendelea kudhani kuwa taka za baharini ni shida ya watu wa pwani.

Hapa Dodoma makorongo hukaa makavu miezi mingi, nayo yamegeuzwa majalala: chupa za maji, vifuniko vya soda, vifuko vya karanga, hata nepi za watoto. Mvua za Desemba zikipiga, vyote husombwa kwa saa chache. Maji ya sehemu ya mkoa huu huingia Mto Kinyasungwe, unaokwenda kuunda Wami, na Wami humwaga maji yake baharini karibu na Saadani. Chupa huelea, na haihitaji mtaalamu kujua inakoelekea. Katazo la mifuko ya plastiki la Juni 1, 2019 lilisaidia sana, ila chupa hazikuguswa.

Napendekeza usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, hasa wa Oktoba na Novemba, ufanyike makorongoni badala ya kuishia mbele ya maduka na ofisi. Serikali za mitaa ziwapange watu, na gari la taka lifike siku hiyohiyo, kwani marundo yanayoachwa ukingoni hurudi korongoni mvua ya kwanza tu. Wanaonunua chupa kwa kilo nao waalikwe, wazipokee papo hapo.

Msomaji wenu,
Dodoma