Chebet, soma tena hiyo lebo

Bahati, Nakuru

Mwanangu Chebet,

Habari nyingine mama yako atakupa kwa simu. Mimi naandika kwa ajili ya hiyo paraglaida, hilo bawa la kitambaa la kurukia ulilonunua. Ile picha ya lebo iliyoshonwa ndani ya bawa nimeikuza mpaka nikasoma yote. Daraja ni C. Uzito ni kilo 85 hadi 105, pamoja na rubani, bawa na vifaa vyote. Wewe una kilo 58. Hata ukiongeza kiti, helmeti, parachuti ya akiba na maji ya kunywa, hufiki 85.

Hapa kijijini hakuna asiyejua kwamba binti yangu amepaa juu ya bonde la Kerio. Nimewaambia mwenyewe, na nitaendelea kuwaambia. Lakini ndiyo kwanza umemaliza mafunzo ya mwanzo, na ulinunua bila kumuuliza mtu.

Kwa kipimo cha Ulaya cha EN 926-2, kinachopanga mabawa kwa usalama kutoka A hadi D, A na B zinamfaa hata mwanafunzi. A ndiyo inayomsamehe rubani zaidi: upande mmoja ukikunjika, kwa kawaida hufunguka wenyewe bila vurugu. C ni ya mtu anayeruka mara kwa mara na aliyezoea kulirudisha bawa sawa, maana linaweza kugeuka kwa nguvu na kumtaka afanye jambo sahihi papo hapo. D tuiache. Huyo mgeni aliyekuuzia huruka masafa marefu, na bawa hilo lilimfaa kwa kazi hiyo. Wewe bado unajifunza kutua.

Uzito ndio unaoninyima usingizi. Bawa hupimwa kwa uzito wa chini na wa juu ulioandikwa, tena kwenye hewa tulivu. Ukiwa chini ya hapo, ile herufi haikuhusu. Rubani akiwa mwepesi mno bawa halikazwi vizuri, hukunjika upesi hewa ikifurukuta. Na hewa ya Kerio saa sita mchana unaijua kuliko mimi.

Kwa hiyo muulize mwalimu wako, usimuulize muuzaji. Tafuta A, au B iliyo karibu na A, kwa sababu B zenyewe hazilingani. Kitambaa na kamba vikaguliwe pia. Kitambaa kilichochoka hupitisha hewa, na herufi ya lebo ilipimwa kingali kipya. Hiyo C muuzie mwenye uzito wake na uzoefu wake. Ukipata hasara kidogo, nitakuongezea viazi vikiuzwa.

Ng'ombe amezaa ndama jike. Mabati ya jikoni yanavuja tena upande wa jiko, na fundi anataka alipwe kabla hajapanda juu. Mdogo wako anadai sweta mpya ya shule.

Ule mzani wa mizigo uliouchukua, mama yako anautaka kwa viazi. Kabla hujaurudisha, simama juu yake ukiwa na vifaa vyote mgongoni, halafu nitumie kilo zako leo hii. Usiruke kabla sijazipata.

Baba yako