Namba sita si adhabu: barua kwa vijana wa mpira wa Lamu

Assalaamu alaykum wanangu, nyinyi wa Langoni na Mkomani, wa Wiyoni na Kashmir, na wenzenu mnaopanda mashua kutoka Shela na Matondoni kuja kucheza Twaif.

Nawaandikia kwa sababu ya jambo nililoliona kwa macho yangu, na tangu siku ile limenikaa kifuani. Timu yetu ilikuwa inaongoza moja bila. Zimebaki dakika chache, wapinzani wanamiminika langoni kwetu. Kocha akamwita kijana mmoja, mzuri sana wa mguu wa kushoto, akamwambia: "Rudi mbele ya mabeki, mkamate yule namba kumi wao." Kijana akageuka kuwatazama rafiki zake waliokaa ukingoni na simu zao. Akavua jezi, akaitupia juu ya dumu la maji, akatoka. "Mimi si mtu wa kukaba," ndilo neno lake. Mpira uliopitia pale alipoambiwa asimame ndio uliozaa goli la kusawazisha, na kwenye penalti tukafungwa. Jina lake silisemi, ni mtoto wetu. Kombe nalo litarudi mwaka mwingine. Kilichonichoma ni wale waliompigia makofi alipokuwa anatoka.

Sasa nisikilizeni. Nyote mnamjua kwa jina Victor Wanyama, mchezaji wetu Mkenya, na wengi mnajua alifika Tottenham ya Uingereza. Mkiulizwa alifika vipi, mnasema ni kipaji, au ni kaka yake. Kaka yake, McDonald Mariga, alicheza Parma na Inter Milan, na ni kweli alimfungulia njia. Lakini kaka hawezi kukukabia mtu. Kazi iliyomlisha Wanyama miaka yote ile ni hiyohiyo mnayoiona adhabu: kiungo mkabaji, namba sita, mtu wa kusimama mbele ya mabeki, kuvunja mashambulizi, kupokonya mpira na kumpa mwenzake aliye wazi.

Kumbukeni usiku wa tarehe 7 Novemba 2012, Celtic ya Scotland, timu yake wakati huo, na Barcelona, pale Glasgow. Barcelona walikuja na Xavi, Iniesta na Messi, na karibu mchezo mzima mpira ulikuwa wao. Wanyama alikuwa na miaka 21. Angetaka kuonyesha chenga usiku ule, Celtic wangefungwa magoli ya kuhesabu kwa vidole vya mikono miwili. Alifunga njia, akarudi mahali pake, akafunga njia tena. Na ilipopatikana kona dakika ya 21, alipanda, akapiga kichwa, goli. Mkenya wa kwanza kufunga katika Ligi ya Mabingwa Ulaya! Mechi ikaisha mbili kwa moja. Nyinyi mmeziona zile sekunde chache za kichwa, mnazirudiarudia kwenye simu. Dakika nyingine zote hamzijui, na mpira wake umo humo. Nawaomba mtafute mechi nzima mwitazame mkiwa pamoja, kisha kila mmoja amfuate yeye tu kwa macho, aache kuufuata mpira. Mtaona anavyogeuza shingo kuangalia nyuma yake kabla mpira haujafika. Mtaona anavyosogea hatua mbili tu, na Iniesta analazimika kurudisha pasi nyuma. Hatua mbili zile hazipigiwi makofi na mtu.

Na kwa hizo hatua mbili, Julai mwaka uliofuata Southampton walitoa pauni milioni 12.5. Celtic walikuwa wamemnunua kutoka Beerschot ya Ubelgiji mwaka 2011 kwa pauni laki tisa. Huko Southampton ndipo akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Nauliza basi: huyu aliyenunuliwa kwa fedha zile alikuwa winga? Alikuwa fowadi? Celtic walimpanga hata katikati ya ulinzi, na sikusikia kwamba alivua jezi.

Nyinyi ni watoto wa bahari, hili mnalijua bila kufundishwa. Chombo kikiingia maji, anayefua maji huku amejikunja chini, mgongo unamuuma, ndiye anayewafikisha wote bandarini, na ukiwa ufukweni humwoni, unaona tanga tu. Kocha alipomwita yule kijana, alimpa kazi hiyo, na humpi kazi hiyo mtu usiyemwamini. Kocha mwenyewe ni mvuvi. Dawa ya misuli mnayopakwa miguuni huinunua kwa pesa ya samaki wake. Mtu wa namna hiyo akikwambia rudi nyuma, unarudi, na la kuuliza unaliuliza baada ya kipenga cha mwisho.

Liko jingine katika maisha ya Wanyama ambalo halisemwi sana, nami nalipenda. Mwaka 2007 alikwenda Sweden, Helsingborg, alikokuwa kaka yake. Kaka akahamia Italia, na kijana akarudi Kenya. Fikiria mtoto wa miaka 16 amekwishapanda ndege, mtaa mzima umekwisha kumuaga, mara yuko tena Nairobi. Mwaka 2008 akaondoka upya, Ubelgiji, akaanza chini. Hapa kwetu mtu akienda majaribio Mombasa asichukuliwe, haonekani tena uwanjani. Anajificha, anaona haya, na wenzake wanamcheka barazani mpaka anaangukia kwenye muguka, au kwenye unga, Mungu atunusuru. Mwanangu, uliyerudi, karibu nyumbani. Njoo mazoezini kesho alasiri. Hakuna aliyekufa kwa kurudi.

Hata alipokwisha kuwa mkubwa, hakusamehewa. Goti lilimweka nje miezi mingi. Aliporudi alikalishwa benchi, na Februari 2018, Anfield, uwanja wa Liverpool, Tottenham wakiwa nyuma kwa goli moja, aliingizwa zimebaki kama dakika kumi. Kipa akapangua mpira kwa ngumi, ukamfikia nje ya boksi, akaupiga ukaenda juu kabisa wavuni. Mwenye kununa benchi huingia uwanjani na mguu baridi.

Wazee wenzangu, nanyi msikae mkitikisa vichwa kana kwamba barua hii haiwahusu. Mtoto akicheza mpira tunamwita mhuni, akipata pesa tunasema huyu ni wa ukoo wetu. Kila uchaguzi unakuja wanasiasa wanagawa jezi zenye sura zao, tunapiga picha, na baada ya kura vijana wanarudi kuruka mashimo yaleyale na nyavu zilezile zilizooza. Tunawadai watoto subira ambayo sisi wenyewe hatuna. Baba anamfokea kocha kwa kuwa mwanawe amepangwa nyuma! Yule kijana wa jezi hakujifunza maneno yale peke yake. Na nyinyi mnaokaa na simu mkiweka dau kwenye mechi za watoto wa mtaani, hilo ni dhambi na ni aibu, na nitalisema hadharani kila nikipata nafasi.

Mengine nayataja kwa ufupi tu. Laleni mapema. Shule msiiache. Umri wenu uandikwe ule mliozaliwa nao. Wanyama aliitwa timu ya taifa mwaka 2007 akiwa hajatimiza miaka 16, kwa hiyo kuwa mdogo hakumzuii mtu. Jezi ya taifa msiidharau: alikuwa nahodha wa Harambee Stars Misri mwaka 2019, tulipofika Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza tangu 2004. Tuliifunga Tanzania 3-2, tukafungwa na Algeria na Senegal, ambazo ndizo zilizocheza fainali. Aliiaga timu Septemba 2021 baada ya mechi 64.

Mwaka 2027 Kombe la Mataifa ya Afrika limepangwa kuchezwa Kenya, Uganda na Tanzania. Najua jambo hilo linawawasha, nami linaniwasha. Litawaleta pia wale wanaojiita mawakala. Mtu akikupigia simu akakwambia amekuona, kuna nafasi Nairobi au Ulaya, tuma pesa ya fomu leo kabla ya magharibi, usitume hata shilingi, na usimfiche mama yako. Mpe namba ya mzazi wako na ya kocha, mwambie azungumze nao wote wawili. Akikataa, kata simu.

Wassalaam,
Mzee wenu wa Langoni