Usiache dawa wiki ya kwanza

Mwanangu Tusajigwe,

Ugonile, baba. Huku Tukuyu tu wazima, mvua haijakata. Dada yako kaniambia umeanza sertralini kwa ajili ya ile mishtuko yako ya hofu, na siku chache tu baadaye umeitupa kabatini eti moyo umezidi kwenda mbio na usingizi umekimbia. Nilikasirika, nikapoa, ndiyo nakuandikia.

Ndivyo dawa hizi zinavyoanza. Siku za mwanzo huweza kuongeza wasiwasi, kichefuchefu na kuharisha, na mtu mwenye ugonjwa wako husikiliza kila pigo la moyo wake, hivyo huona makubwa zaidi. Ndiyo maana daktari alikuandikia miligramu 25, aipandishe hadi 50 baada ya wiki. Nafuu yenyewe mara nyingi huja baada ya wiki nne hadi sita. Mpaka sasa umeonja madhara tu, dawa hujaionja. Rudi hospitali ya Rufaa umweleze daktari ulivyojisikia, mkubaliane namna ya kuanza tena. Na yakikujia mawazo ya kujidhuru, nenda siku hiyo hiyo, kisha unipigie hata kama ni usiku wa manane.

Sasa hizo diazepamu ulizonunua Mwanjelwa bila cheti. Najua zinatuliza, nimezigawa wodini mpaka nimestaafu. Zinakutuliza upesi, na hapo ndipo penye mtego. Ukizimeza kila siku kwa wiki kadhaa mwili unazizoea, unataka kuongeza, na mtu aliyezizoea akiziacha ghafla hofu humrudia kwa kishindo, wengine hata degedege huwapata. Ukichanganya na pombe ndiyo kabisa, unaweza kulala usiamke. Mwambie daktari umemeza ngapi. Usimfiche.

Shangazi yako anasema umerogwa. Aseme. Kipimo cha moyo kimetoka safi, na ugonjwa huu una historia yake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 huko New York, daktari Donald Klein aliwapa imipramini, dawa ya sonona, wagonjwa waliokuwa wakija mbio kwa wauguzi wakilia kwamba wanakufa. Ile mishtuko ikakoma, mbio zikaisha. Lakini kutoka peke yao bado waliogopa! Hapo ndipo ninapotaka unisikilize sana, maana nasikia siku hizi hata dukani kwa jirani unamtuma mtoto. Kidonge kinaukata mshtuko; woga wa njia unaondoka kwa miguu yako mwenyewe.

Kwa hiyo mishtuko ikianza kupungua, toka. Nenda kituoni hapo Uyole, simama, angalia daladala zikipita. Ukizoea, panda hadi Nane Nane ushuke. Mwanjelwa iwe ya mwisho: uingie mpaka katikati ya mitumba, na moyo ukianza vituko usikimbie. Mara nyingi mshtuko hufika kileleni ndani ya dakika kumi hivi, halafu hushuka wenyewe. Ukikimbia, utaamini kukimbia ndiko kulikokuponya.

Ukipata nafuu usijitangazie kupona. Dawa huendelea kwa miezi mingi, pengine mwaka, kisha daktari huipunguza kidogo kidogo. Hela ya mwezi ujao nimekutumia kwenye simu. Zikibaki vidonge vya wiki moja nijulishe, usisubiri pakiti iishe.

Mama yako