Majanti 17, 18 ao 19? Kwanza tupime mashimo ya Lubumbashi

Swali yenye tunaulizwaka sana hapa garaji ni hii: «Patron, majanti 19 itaingia ku motokari yangu?» Mara mingi itaingia, mukubwa. Kiisha kuingia njo mambo inaanza: kama utapinda volan yote itagusa? Ukiweka bantu wanne ndani itagusa? Na musimu ya mvua itaimaliza nzima? Juu hapa kwetu kuanzia mwezi wa 11 mpaka karibu mwezi wa 4 unatembea mu mashimo yenye kujaa maji, unaona maji tu, haujue kama chini iko kina ya kidole ao ya mukono muzima.

Basi tukamate BMW Serie 3 E46, juu ziko mingi hapa mujini na bijana banazipenda. Mingi ilitoka na pine 205/55 R16. Ile 205 ni upana wa pine mu milimita, 55 ni asilimia, maana yake ubavu wa pine iko na urefu wa 55 ku mia ya ule upana, inafika karibu milimita 113, na 16 ni janti mu inchi. Kiisha nyuma ya ile namba unaona kitu sawa 91V: 91 inasema pine moya inabeba kilo 615, V inasema haipashwe kupita 240 ku saa. Hiyo V hautaimaliza ku balabala ya Likasi, lakini ile 91 usishuke chini yake, juu motokari inabebaka jamaa yote na mifuko ya bunga.

Sasa angalia vile hesabu inaendaka. Pine 205/55 R16 iko na urefu muzima wa milimita 632 hivi, kutoka chini mpaka juu. 225/45 R17 inafika 634. 225/40 R18 inafika 637. Karibu sawa zote, donki kontere haitakudanganya. Lakini kaochu yenye iko kati ya janti na shimo, ile inashuka: 113, kiisha 101, kiisha 90. Ukienda 19 na 235/35 unabakia na milimita 82, na pine nzima inakuwa 647, maana kontere inakuonyesha 100 na weye uko mu 102 na kitu. Hiyo ya kontere ni kidogo, mi inaniuma ile 82.

Juu shimo moya tu ya Katuba ao Ruashi, umeingia na 40 ku saa, umebeba bantu, kaochu inabanwa mpaka janti inagonga ukingo wa goudron. Na janti inapindaka upande wa ndani, kule weye haukuangaliaka. Ku inje inangaa, unapiga picha, kiisha unafika mu 90 ku saa volan inaanza kutetemeka, unasema ni ekilibraji. Tunaweka ku mashini, inazunguka, unaona mudomo wa ndani inacheza juu na chini sawa sahani imepinda. Ingine inatoka na uvimbe ku ubavu wa pine, kama yai: pale nyuzi za ndani zimekatika, ile pine hakuna dawa, toa, hata kama ingali mupya. Na janti ya alu yenye imepasuka karibu na miguu yake, mutu akikuambia atasude, mushukuru uende zako.

Kwa ile sababu shee ku motokari za sport tunapendaka 17. Inajaza nafasi muzuri, motokari inashika mu kona, na unabakia na milimita 100 hivi za kaochu. 18 tunaiweka kama muntu eko anatembea sana mu mujini fasi goudron iko muzuri na anakubali kutembea polepole mu mvua. 19 tutakuuzia kama unataka sana, lakini tutakuambia hii yote mbele ya kukamata makuta yako. Na kama unaendaka Kasenga kila mara, bakia na 16, hakuna haya.

Kubwa ingine ni mabulo. Majanti ya okazio inakuja imechanganyika, na macho inadanganya. BMW E46 ni 5x120, maana yake mabulo tano zenye zimekaa ku duara ya milimita 120. Golf 5 ya Volkswagen ni 5x112. Toyota Altezza ni 5x114.3. Kati ya 112 na 114.3 ni milimita mbili na kitu, janti inapanda, fundi anakaza na nguvu, kumbe bulo imekaa kando, haikai mu kiti yake, na kidogo kidogo inajifungua yenyewe mu balabala. Subaru Impreza njo inachanganyaka bantu kabisa: WRX ya miaka ya 2005 hivi ni 5x100, lakini STI kuanzia modeli ya 2005 ilienda ku 5x114.3. Sura moya, matundu mbalimbali. Usinunue majanti ku simu juu ya picha tu.

Tundu la katikati nalo linapimwa. E46 iko na milimita 72.6, Golf 57.1, Altezza 60.1. Janti yenye tundu ndogo haitaingia. Yenye tundu kubwa inaingia lakini inataka bage, ni pete ya kujaza ule nafasi ya katikati, kama sivyo mabulo njo inashika kila kitu na utasikia kutetemeka yenye hakuna ekilibraji itamaliza. Bage ni kitu ya bei kidogo sana, sijue juu ya nini bantu banaikataaka.

Kiisha ET, namba yenye imeandikwa nyuma ya janti: ni milimita kutoka katikati ya upana wa janti mpaka fasi yenye inagusa motokari, na ikishuka, janti inatoka inje. E46 na janti 17 ya upana wa inchi 8 inakujaka na ET47. Ukiweka ET35 ya upana ule ule, janti inatoka inje milimita 12. Mbele inaweza kupita, nyuma ukibeba bantu pine inakula chuma ya juu. Ku Golf uliza pia mabulo: ya fabriki iko na kichwa ya muviringo, majanti mingi ya inje inataka ya konu. Kuchanganya ni kujitafutia.

Benye Subaru, musikie muzuri: mapine yote ine kipimo moya, na isiwe mbili mipya na mbili imekwisha, juu inavuta mbele na nyuma kila saa na tofauti ya muzunguko inachosha mashini ya katikati. Ukilipa pine mbili tu leo, kesho unalipa boite.

Mapine ya okazio tunauza, lakini tunasoma tarehe na weye. Ku ubavu, nyuma ya herufi DOT, namba ine za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Na kama unaona kamulima kenye theluji ndani, mara mingi ile ni pine ya baridi ya Ulaya, kaochu yake ni laini, ku jua ya mwezi wa 10 hapa itakwisha mbio.

Kwetu tunafanyaka hivi: unaleta motokari, tunapima, tunaweka janti moya mbele na moya nyuma, bantu banaingia ku kiti ya nyuma, tunapinda volan yote pande mbili. Ikigusa, tunatoa na haulipe. Isipogusa tunaweka yote, ekilibraji, paralelisme, tunakaza na ufunguo wa kupima nguvu, 120 Nm ku E46 na ku Golf 5. Kiisha kati ya kilometa 50 na 100 unarudi tukaze tena, ile ni bure. Presio tunapima asubui kama mapine ingali baridi, donki usikuje saa sita na motokari imetoka Kasumbalesa.